Seva ya Power yenye patisheni: VLAN 20 haitoki nje, VLAN 30 imepotea. Nikague wapi adapta pepe za mtandao?

fundi_chumbageni (Tanga)

Wakuu, salaam aleikum.

Naomba msaada kwa wanaoshika seva za IBM Power. Tuna S924 moja (9009-42A) hapa Tanga mjini. Inasimamiwa na HMC (konsoli ya usimamizi), ina VIOS mbili (patisheni zinazowapa wenzao mtandao na diski) na patisheni tatu (seva pepe ndani ya seva moja): db-aix ya hifadhidata, app-aix, na rep-linux ya ripoti. Jumamosi umeme ulikatika, UPS ikaisha chaji, seva ikazimika yote. Tulipoiwasha tulizianzisha patisheni moja moja kwenye HMC kwa kuchagua profaili, na tumekuta haya.

db-aix haina tena adapta ya VLAN 30 (mtandao uliotengwa kwa namba yake) tunayopitishia nakala za usiku. Kabla umeme haujakatika ilikuwepo na ilikuwa inafanya kazi.

rep-linux ni mpya, iko VLAN 20. Ikipiga ping kwa app-aix, ambayo nayo ina mguu VLAN 20, inajibiwa bila shida. Lango la mtandao halijibu, kwa hiyo Muheza, Korogwe na Pangani hawaoni ripoti.

vios2 ilipoamka, poti za swichi zilifurika fremu, halafu swichi ikazifunga yenyewe. Tumechomoa nyaya zote mbili za vios2. Sasa tunatembea na vios1 peke yake.

Nimetoa orodha kwenye HMC kwa amri hii:

lshwres -r virtualio --rsubtype eth --level lpar -m TNG-P9 -F lpar_name,slot_num,port_vlan_id,ieee_virtual_eth,addl_vlan_ids,is_trunk,trunk_priority,vswitch,mac_addr

Kwa kifupi inasema hivi (zote ziko kwenye swichi pepe ETHERNET0; PVID ni VLAN ya msingi ya adapta, tranki ni adapta ya VIOS inayobeba VLAN kwenda nje):

vios1, sloti 11: PVID 1, tranki, kipaumbele 1, VLAN za ziada 10,30
vios1, sloti 12: PVID 99
vios2, sloti 11: PVID 1, tranki, kipaumbele 2, VLAN za ziada 10,20,30
vios2, sloti 12: PVID 98
db-aix, sloti 2: PVID 10
app-aix, sloti 2: PVID 10
app-aix, sloti 3: PVID 20
rep-linux, sloti 2: PVID 20

Ninachouliza: ukaguzi unaanzia wapi na kuishia wapi, na nitajuaje mpangilio upi ndio unaotumika sasa hivi? db-aix siwezi kuizima mchana.

---

padmin_wa_pwani

Waaleikum salaam kaka. Umefanya vema kuleta orodha, maana majibu yako mengi yamo humo humo.

Kabla ya kugusa chochote, elewa kwamba mpangilio wa adapta pepe umeandikwa sehemu nne, na sehemu hizo hazilazimiki kukubaliana. Kuna profaili ya patisheni ndani ya HMC. Kuna mpangilio hai unaoshikwa na hipavaiza (programu inayogawa seva kwa patisheni). Kuna daraja la SEA ndani ya VIOS, linalounganisha mtandao pepe na waya wa nje. Halafu kuna mfumo endeshi wa patisheni yenyewe. Trafiki inafuata mpangilio hai wa hipavaiza. Profaili ni maandishi tu yanayosubiri siku patisheni itakapozimwa na kuwashwa kwa kuichagua.

Amri yako ya lshwres inasoma mpangilio hai. Kusoma profaili tumia hii:

lssyscfg -r prof -m TNG-P9 --filter lpar_names=db-aix -F name,virtual_eth_adapters

Utapata kamba ya namna hii: 2/0/10//0/1/ETHERNET0//all/none. Isome kwa kufuata mikwaju: sloti 2, si ya 802.1Q yaani ya tagi za VLAN (0), PVID 10, VLAN za ziada hakuna, kipaumbele cha tranki 0 yaani si tranki, adapta ni ya lazima (1), swichi pepe ETHERNET0, kisha nafasi ya MAC (anwani ya adapta). Kwa vios1 itakuwa kama "11/1/1/10,30/1/1/ETHERNET0//all/none", na alama za nukuu zinakuja kwa sababu ya ule mkato kati ya 10 na 30.

Weka matokeo ya amri zote mbili bega kwa bega kwa kila patisheni. Panapotofautiana, hapo ndipo pana bomu la kulipuka siku ya kuwasha upya. Naamini VLAN 30 ya db-aix iliongezwa patisheni ikiwa hai, kwa DLPAR (mabadiliko bila kuzima patisheni), na hakuna aliyehifadhi mpangilio huo kwenye profaili. Patisheni ikianzishwa upya kutoka ndani, mfano shutdown -Fr, profaili haisomwi na adapta inabaki. Ikizimwa kabisa halafu ikawashwa kwa kuchagua profaili, kila kilichoongezwa kwa DLPAR bila kuhifadhiwa kinafutika. Mngewasha kwa mpangilio wa mwisho uliokuwa hai (kwenye chsysstate ni kuacha -f), adapta ingerudi.

PVID 98 ya vios2 nayo ina harufu ile ile. Hiyo sloti 12 ndiyo njia ya udhibiti, ambayo SEA mbili huitumia kuulizana nani mkuu na nani akiba. Lazima zote mbili ziwe PVID moja kwenye swichi pepe moja. Moja ikiwa 99 na nyingine 98 hazisikiani, kila moja inajihesabu ni mkuu, zote zinapitisha fremu. Fremu ya tangazo (inayotumwa kwa wote) inayoingia kwa vios1 linavuka swichi pepe, linatoka kwa vios2, linarudi kwenye swichi ya nje, linaingia tena kwa vios1. Swichi yenye ulinzi wa BPDU (fremu ambazo swichi hutumia kugundua mizunguko) ikiona BPDU zake zinamrudia inafunga poti. Kufunga kule ndiko kulikookoa mtandao wenu mzima, kwa hiyo msiuzime ulinzi huo ili poti zifunguke.

Nenda vios1 kwa mtumiaji padmin:

lsmap -all -net
entstat -all ent6 | grep -E "State|Priority|PVID|Mode|VLAN"

Badala ya ent6 weka jina la SEA ulilopata kwenye lsmap. Unatafuta State: PRIMARY, High Availability Mode: Auto, Control Channel PVID: 99, na orodha ya VLAN Tag IDs ya adapta ya tranki. Rudia vios2 na uandike pembeni. Ukituma matokeo tutajua kama nimekisia sawa.

---

dada_wa_raskazone

Nakubaliana na padmin_wa_pwani. Naongezea upande wa VLAN 20, maana huo hauhusiani na umeme.

rep-linux na app-aix zinaonana kwa sababu zote mbili ni PVID 20 kwenye ETHERNET0. Trafiki yao haitoki nje ya seva, hipavaiza ndiyo inayowapitishia. Ping ya majirani ndani ya seva moja haithibitishi lolote kuhusu SEA wala waya. Kwenda nje kunahitaji adapta ya tranki inayobeba VLAN 20, na kwenye orodha yako VLAN 20 ipo kwa vios2 tu. Nyaya za vios2 ziko nje, basi VLAN 20 haina mlango. Hata nyaya zingekuwepo na njia ya udhibiti ingekuwa sawa, vios2 ingekuwa akiba, isingepitisha kitu maadamu vios1 ni mkuu.

Kanuni ya PVID na tagi ishike vizuri. Fremu ya mteja mwenye PVID 20 inapewa tagi 20 na hipavaiza. Ikifika kwenye adapta ya tranki ambako 20 ni VLAN ya ziada, tagi inabaki, na fremu inatoka kwenye waya ikiwa na tagi 20. Ikifika kwenye tranki ambako namba hiyo ndiyo PVID, tagi inavuliwa na fremu inatoka tupu. Kwa hiyo PVID 1 ya tranki yenu lazima ilingane na VLAN asilia ya poti ya swichi, na 10, 20 na 30 lazima ziruhusiwe kwa tagi kwenye poti hiyo hiyo.

Kama swichi ni ya Cisco, angalia kwanza:

show interfaces trunk
show mac address-table vlan 20

Ya pili inakupa jibu la haraka kuliko kitu kingine chochote. Washa ping kutoka rep-linux ielekee kwenye lango na uiache inaendelea, kwa sababu jedwali la MAC husahau anwani iliyonyamaza, kwa kawaida baada ya sekunde 300. Kisha tafuta MAC ya rep-linux. HMC inaiandika bila alama, mfano 4EB0C2A51E02. Linux inaiandika 4e:b0:c2:a5:1e:02. Cisco inaiandika 4eb0.c2a5.1e02. Ukiiona kwenye poti ya vios1, fremu zinatoka na kosa liko mbele, kwenye lango au fayawoli. Usipoiona, kosa liko ndani ya seva au kwenye ruhusa ya poti.

Ukihitaji kuruhusu 20 kwenye swichi, andika

switchport trunk allowed vlan add 20

na neno add usilisahau hata kwa bahati mbaya. Bila add, orodha yote inafutwa na kubaki 20 peke yake, db-aix inakatika papo hapo.

Kwa upande wa vios1 kuna njia mbili. HMC inaruhusu kuongeza VLAN kwenye adapta ya tranki iliyopo wakati VIOS iko hai. Mimi napendelea kuweka adapta mpya ya tranki kando, kwa sababu ile inayobeba hifadhidata haiguswi, na ukikosea unaondoa mpya bila kumsumbua mtu:

chhwres -r virtualio -m TNG-P9 -o a -p vios1 --rsubtype eth -s 13 -a "ieee_virtual_eth=1,port_vlan_id=4001,addl_vlan_ids=20,is_trunk=1,trunk_priority=1"

4001 ni namba yoyote isiyotumika popote (PVID inakubali 1 hadi 4094). Kipaumbele lazima kiwe kile kile cha tranki nyingine za SEA hiyo, yaani 1 kwa vios1 na 2 kwa vios2. Ukichanganya, SEA itakataa adapta hiyo. Kisha kwenye vios1:

cfgdev
lsdev -type adapter
lsdev -dev ent7 -vpd

Hakikisha mahali pake panaishia -C13-T1 kabla hujaamini kuwa ent7 ndiyo yenyewe. Majina ya ent hutolewa kwa mpangilio wa kugunduliwa, namba ya C ndiyo sloti halisi. Halafu:

chdev -dev ent6 -attr virt_adapters=ent4,ent7

Taja zote, ya zamani na mpya. Ukiandika ent7 peke yake unaitoa ent4, na hapo mtandao wote unakwenda. SEA moja inabeba hadi tranki 16, na kila tranki VLAN 20 za ziada, nafasi ipo.

---

fundi_chumbageni

Ahsanteni sana. Nimesoma profaili na mpangilio hai bega kwa bega.

Profaili ya db-aix ina sloti 2 tu, haina 3. Profaili ya vios2 ina PVID 98 kwenye sloti 12, na kumbukumbu za mabadiliko za mwaka jana zinaonyesha ilirekebishwa kuwa 99 kwa DLPAR. Kwa hiyo padmin_wa_pwani yuko sahihi kwa yote mawili.

vios1: State PRIMARY, Control Channel PVID 99. MAC ya rep-linux haionekani kabisa kwenye swichi.

Nimejaribu chhwres ya kwanza kwa vios1, imekataa na HSCL2957. Na je, vios2 naifanyaje bila kuleta mzunguko tena?

---

padmin_wa_pwani

HSCL2957 maana yake HMC haina mawasiliano ya RMC (njia ya HMC kuamrisha patisheni iliyo hai) na patisheni hiyo. Angalia:

lssyscfg -r lpar -m TNG-P9 -F name,rmc_state,rmc_ipaddr

vios1 ikisema inactive au none, DLPAR haitakubali. RMC inapita poti 657, TCP na UDP, pande zote mbili kati ya HMC na patisheni. Baada ya seva kuzimika ghafla mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi: IP ya usimamizi ya VIOS haijapanda, fayawoli imefunga UDP 657 huku TCP ikiwa wazi, au huduma ya RMC imekwama. Ikiwa mtandao uko sawa, ingia vios1, oem_setup_env, kisha

/usr/sbin/rsct/bin/rmcctrl -z
/usr/sbin/rsct/bin/rmcctrl -A
/usr/sbin/rsct/bin/rmcctrl -p

Subiri dakika chache, soma tena rmc_state. Haigusi trafiki ya wateja. Usikimbilie amri ya recfgct unayoiona mitandaoni, inafuta utambulisho wa nodi na haihitajiki hapa.

Sasa vios2. Una bahati kwamba nyaya ziko nje, usizirudishe mpaka mwisho kabisa. PVID ya adapta iliyopo usiipiganie. Weka mpya, kisha elekeza SEA kwake:

chhwres -r virtualio -m TNG-P9 -o a -p vios2 --rsubtype eth -s 14 -a "ieee_virtual_eth=0,port_vlan_id=99,is_trunk=0"

Kwenye vios2 piga cfgdev, tafuta ent yenye -C14, tuseme ent8. Kwanza ilazimishe SEA ya vios2 ikae akiba, ndipo ubadilishe njia ya udhibiti:

chdev -dev ent6 -attr ha_mode=standby
chdev -dev ent6 -attr ctl_chan=ent8

Kisha entstat -all ent6 pande zote mbili. Control Channel PVID iwe 99 kwa 99, Priority 1 kwa vios1 na 2 kwa vios2. Usishangae vios2 ikionyesha LIMBO wakati huu. LIMBO ni hali ya SEA isiyoona mtandao wa nje, na nyaya ziko nje kweli.

Kuchomeka: waya mmoja tu, mtu mmoja kwenye swichi na mwingine kwenye kibodi. Fungua poti ya swichi, chomeka, soma State. Ikiandika BACKUP, tulia dakika kadhaa uangalie kaunta za poti, kisha waya wa pili. Ikiandika PRIMARY huku vios1 nayo ni PRIMARY, chomoa hapo hapo. Yote yakitulia, rudisha ha_mode=auto.

Kama nyaya ni za faiba, vichwa vya LC vilivyokaa wazi tangu Jumamosi vifute kwa kalamu ya kusafishia kabla ya kuchomeka, na kesho yake mvivalishe vifuniko vichwa vyovyote visivyotumika. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na kichwa kichafu kinaleta makosa ya CRC (fremu zilizoharibika njiani) yanayofanana kabisa na kosa la mpangilio. Utakesha ukikagua VLAN na kumbe ni vumbi.

---

linux_ngamiani

Nachangia rep-linux, maana kuna mtego mmoja sijauona hapo juu.

Kwenye Linux za karibuni jina la kifaa lenyewe lina sloti: env2 ni sloti 2. Thibitisha:

ethtool -i env2
ls /proc/device-tree/vdevice | grep l-lan

Dereva iwe ibmveth, na utaona l-lan@30000002. Tarakimu za mwisho ni sloti kwa heksadesimali, kwa hiyo l-lan@30000020 ni sloti 32, si 20. Hapo watu wengi hukagua adapta isiyo yao.

Mtego ni tagi maradufu. Piga

ip -d link show

Ukikuta mtu ametengeneza env2.20 juu ya env2, huo ni mgongano. Adapta yenyewe ni PVID 20, si ya 802.1Q, haina VLAN za ziada. Linux ikituma fremu ambayo tayari ina tagi, hipavaiza inaitupa kimya kimya kwa sababu tagi hiyo haimo kwenye orodha ya adapta. Chagua moja: ama hipavaiza iweke tagi na IP ikae moja kwa moja juu ya env2, ama adapta iwe ya 802.1Q yenye 20 kwenye VLAN za ziada, PVID iwe namba nyingine, na Linux iweke tagi. Kwa patisheni yenye VLAN moja njia ya kwanza ni safi zaidi. Upande wa AIX utalikamata kosa hili kwa entstat -d, mstari wa Invalid VLAN ID Packets.

Kingine cha kuangalia mara VLAN 20 itakapotoka nje: kama ping inapita lakini ripoti zinakwama katikati ya kupakuliwa, soma MTU (ukubwa wa juu wa pakiti). Jaribu ping -M do -s 1472 kuelekea lango. Ikipita, 1500 iko sawa njia nzima. Halafu kwenye VIOS angalia large_receive ya SEA:

lsdev -dev ent6 -attr | grep -E "large|jumbo"

large_receive inaunganisha segimenti za TCP ziwe pakiti moja kubwa kabla ya kumpa mteja. AIX inaipokea vizuri. Kwa wateja wa Linux wenye kerneli za zamani imeleta matatizo mengi ya pakiti kudondoka, kwa hiyo kwenye SEA inayohudumia Linux ni salama zaidi ikae no mpaka uwe umeipima.

---

fundi_chumbageni

RMC ilikuwa ni UDP 657 imefungwa. Imefunguliwa, vios1 ikawa active baada ya muda mfupi.

Tranki ya sloti 13 imeingia kwa vios1, MAC ya rep-linux ikaonekana kwenye swichi, lakini lango likabaki kimya mpaka nilipokuta njia ya kwenda lango imepitishwa env2.20 kama alivyosema linux_ngamiani. Ile MAC ilikuwa inaonekana, na ping ya app-aix ilikuwa inapita, kwa sababu ya fremu zisizo na tagi zinazotoka env2 yenyewe. Nimehamishia njia hiyo kwenye env2, lango linajibu, Muheza na Korogwe wanaona ripoti, Pangani bado wanajaribu.

vios2 ni BACKUP, nyaya zote mbili zimerudi, ha_mode auto.

Limebaki la db-aix na VLAN 30. Pia nimeona kwenye entstat -d ent0 ya db-aix, Hypervisor Receive Failures inapanda mchana. Je, hiyo nayo inatokana na haya?

---

dada_wa_raskazone

Hongera kaka. Anza na VLAN 30.

Kwenye db-aix piga

lsdev -Cc adapter -F "name status physloc" | grep ent

Nadhani utakuta ent1 ikiwa Defined, mahali -V5-C3-T1 au namba ya patisheni yenu badala ya 5 (lparstat -i itakuambia, mstari wa Partition Number). AIX bado inaikumbuka, na IP yake bado imehifadhiwa kwenye en1. Basi irudishe adapta kwenye sloti 3 hiyo hiyo, si nyingine:

chhwres -r virtualio -m TNG-P9 -o a -p db-aix --rsubtype eth -s 3 -a "ieee_virtual_eth=0,port_vlan_id=30"

Halafu cfgmgr. Sloti ikiwa ile ile, ent1 inarudi Available na en1 inainuka na IP yake. Ikiwa haijainuka, chdev -l en1 -a state=up. Ukiiweka sloti 4 utapata ent2 mpya isiyo na IP, na ent1 mzimu utabaki kuwachanganya watakaokuja baadaye. MAC itakuwa mpya, kwa hiyo kama seva ya nakala au fayawoli inamtambua db-aix kwa MAC, wajulishe wenye nayo.

Kuhusu Hypervisor Receive Failures, hilo ni jambo jingine kabisa. Ni bafa za kupokelea (nafasi za kumbukumbu za kuwekea fremu) zimeisha wakati hipavaiza inataka kukabidhi fremu. Kwenye entstat -d hiyo hiyo shuka mpaka Receive Buffers. Kuna safu tano: Tiny ni bafa za baiti 512, Small 2048, Medium 16384, Large 32768, Huge 65536. Linganisha Max Allocated iliyo chini ya History na Max Buffers iliyo juu. Ikiwa Small imegonga 2048 na kiwango chake ni 2048, umepata sababu.

lsattr -El ent0 | grep buf
chdev -l ent0 -a min_buf_small=2048 -a max_buf_small=4096 -P

-P inaandika tu, itaanza kazi patisheni ikianzishwa upya, kwa hiyo panga usiku. Kwa wakati huu piga entstat -r ent0 usafishe kaunta, upime siku moja, maana namba unayoiona imejikusanya tangu Jumamosi na haikuambii ni saa ngapi inapanda. Angalia pia kaunta hizo hizo kwenye tranki za vios1. Bafa zikiisha kwenye VIOS, wateja wote wanaumia na kila mmoja anadhani tatizo ni lake.

---

padmin_wa_pwani

Kaka, kabla hujafunga kompyuta leo. Kila ulichoongeza, sloti 13 ya vios1, sloti 14 ya vios2, sloti 3 ya db-aix, bado kiko kwenye mpangilio hai tu. Umeme ukikatika usiku wa leo unarudi ulipoanza. Hifadhi kwa kila patisheni:

mksyscfg -r prof -m TNG-P9 -o save -p vios1 -n default --force
mksyscfg -r prof -m TNG-P9 -o save -p vios2 -n default --force
mksyscfg -r prof -m TNG-P9 -o save -p db-aix -n default --force

Jina la profaili weka lenu. Usifungue profaili ukaongeza adapta kwa mkono, kwa sababu HMC itaizalishia MAC tofauti na ile iliyo hai sasa.

Ili isitegemee kumbukumbu ya mtu, washa usawazishaji kwa kila patisheni:

chsyscfg -r lpar -m TNG-P9 -i "name=db-aix,sync_curr_profile=1"

Kuanzia hapo kila DLPAR inajiandika yenyewe kwenye profaili. Thamani 0 inaizima, ukihitaji.

Na vios2 bado ina ile adapta ya PVID 98 kwenye sloti 12. SEA haiitumii tena, itoe: rmdev -dev kwa ent yenye -C12 kwenye vios2, kisha chhwres -o r -s 12 kwa HMC, ndipo uhifadhi profaili. Tena VLAN 20 ya vios1 iko sloti 13 na ya vios2 iko sloti 11. Itafanya kazi hivyo. Ila ukipata nafasi, itoe 20 kwenye sloti 11 ya vios2 na uiweke kwenye tranki yake ya sloti 13 yenye kipaumbele 2 na PVID 4001, ili anayekuja kukagua akute VIOS mbili zinazofanana sloti kwa sloti.

---

fundi_chumbageni

Nimehifadhi zote, nimesoma tena lshwres na lssyscfg, zinalingana mstari kwa mstari. ent1 imerudi Available na IP yake. Sloti 12 ya vios2 imeondolewa. Small kwenye db-aix imegonga 2048 kama ulivyosema dada, bafa tunazibadilisha Ijumaa usiku. Pangani wanaona ripoti.